Ilijaribiwa Masaka, inatengenezwa Sweden: Somo la pete ya kinga ya VVU kwa Afrika Mashariki

Mwishoni mwa Januari 2025, wanawake wa Vulindlela, eneo la vijijini katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, walianza kupigiwa simu na wauguzi. Walikuwa wakishiriki utafiti wa pete ya silikoni inayokaa ukeni, iliyokusudiwa siku moja kuzuia mimba na Virusi vya Ukimwi (VVU) kwa pamoja. Ujumbe ulikuwa mfupi: njooni kliniki, pete itolewe, utafiti umefungwa.

Hakuna hitilafu ya kiafya iliyokuwa imegunduliwa. Kilichotokea ni kwamba Serikali ya Marekani, iliyogharamia kazi hiyo kupitia shirika lake la misaada la USAID, ilikuwa imeamuru miradi yake isimame. Mradi mkubwa uliobeba utafiti huo, ulioitwa MATRIX na ulioshirikisha watafiti wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, ulifutwa.

Simu hizo zilipigwa mbali na mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini zinaihusu moja kwa moja. Kwa zaidi ya miaka 20, Masaka, Kampala, Mwanza, Arusha na Bondo vimekuwa baadhi ya vituo ambako dunia imejaribu kinga za VVU kwa wanawake. Ukanda huu umetoa washiriki, madaktari, wauguzi na maabara. Hadi leo haujapata nafasi katika hatua zinazofuata jaribio: kuisajili dawa kwa pamoja, kuinunua kwa pamoja, na kuitengeneza. Mwenye hatua hizo ndiye mwenye uamuzi wa lini bidhaa ifike na lini ikatike.

Pete iliyokwisha kuidhinishwa, yenye dawa ya dapivirine, inaonyesha vizuri zaidi pengo hilo lilivyo na gharama yake.

Ute unaolinda, ute unaofukuza

Mdomo, pua, macho, utumbo na uke vimefunikwa kwa utando laini unaotoa ute. Ute huo ni mlinzi. Hunasa vumbi, vijidudu na chochote kigeni, kisha hukiondoa. Shida ni kwamba haubagui. Dawa inayopakwa mahali hapo nayo hunaswa na kutolewa, mara nyingi ndani ya saa chache. Ndiyo maana matone ya macho hurudiwa mara kwa mara kwa siku, na jeli ya ukeni hulazimika kupakwa kila inapohitajika.

Kwa wanasayansi wanaotengeneza dawa za sehemu hizo, kupata dawa inayoua virusi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupata kifaa kitakachoishikilia dawa hapo hapo na kuiachia kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kifaa hicho kwa kawaida ni polima, yaani kemikali ya minyororo mirefu ya molekuli. Plastiki, mpira na wanga zote ni polima.

Katika pete ya dapivirine, polima ni silikoni laini inayokunjika. Miligramu 25 za dawa huchanganywa ndani yake kabla haijamiminwa kwenye kalibu na kuwa pete. Ikiwekwa ukeni, dawa husafiri polepole kutoka ndani ya silikoni hadi kwenye ute na tishu zinazouzunguka. Katika siku 28, takribani miligramu 4 tu ndizo hutoka. Kiasi kingine hubaki ndani na hutupwa pamoja na pete. Akiba hiyo ina kazi yake, kwa kuwa dawa hutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo, na akiba ikiwa ndogo mtiririko hulegea kabla ya mwezi kwisha.

Ndugu wa pete hiyo ni chembe ndogo sana za polima, nyingi zikiwa nyembamba kuliko unywele, ambazo hubeba dawa ndani yake. Aina moja maarufu hutengenezwa kwa polima inayomeng'enywa mwilini na kuacha asidi ambazo mwili unazifahamu na kuziondoa. Marekani iliidhinisha sindano ya mwezi mmoja ya saratani ya tezi dume yenye chembe za aina hiyo tangu 1989. Mgonjwa aliyekuwa akichomwa kila siku akaanza kuchomwa mara moja kwa mwezi.

Kwenye ute, chembe hizo hukabiliwa na mtihani mwingine. Wapo watafiti wanaotaka zigande. Hao hutumia polima kama kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, ambayo ina chaji chanya na hushikana na ute wenye chaji hasi. Wapo wanaotaka zipenye. Kundi la Justin Hanes wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lilionyesha mwaka 2007 kwamba chembe zikivikwa koti la polima lisilonata, huteleza katika ute na kuufikia utando wenyewe. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha matone ya macho ya Eysuvis, yanayotumia chembe za dawa zilizovikwa koti la namna hiyo. Kwa kinga ya VVU, chembe na utando mwembamba unaoyeyuka bado viko kwenye utafiti. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwamo katika MATRIX.

Kutoka jeli hadi pete

Pete haikuwa wazo la kwanza. Miaka ya mwanzo ya 2000, matumaini yalikuwa kwenye jeli ambazo polima yenyewe ndiyo iliyokuwa dawa: ingekizuia kirusi kisishike seli. Jeli moja, Carraguard, ilitengenezwa kwa karajini, polima itokanayo na mwani mwekundu. Ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 6,000 nchini Afrika Kusini, na mwaka 2008 ikatangazwa kuwa haikuzuia maambukizi.

Nyingine, PRO 2000, ilijaribiwa kwa wanawake 9,385 katika nchi nne: Afrika Kusini, Tanzania, Uganda na Zambia. Mwanza, washiriki walikuwa wanawake wanaofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na sehemu za vyakula, wakiwamo mamalishe. Matokeo yalitoka Desemba 2009. Jeli ilikuwa salama, lakini haikuwakinga.

Watafiti wakageukia dawa zinazotumika kutibu VVU. Julai 2010, utafiti wa Afrika Kusini ulioitwa CAPRISA 004 uliripoti kwamba jeli yenye tenofovir ilipunguza maambukizi kwa asilimia 39. Furaha haikudumu. Utafiti mkubwa uliofuata, FACTS 001, ulishindwa mwaka 2015 kurudia matokeo hayo. Vidonge navyo vilikwama kwa wanawake. Utafiti wa FEM-PrEP, uliofanyika Bondo, Arusha na miji miwili ya Afrika Kusini, ulisimamishwa mwaka 2011. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba chini ya asilimia 40 ya wanawake walikuwa wamemeza vidonge siku za karibuni. Utafiti wa VOICE, uliohusisha wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulikuta hali mbaya zaidi.

Wanawake hao walikuwa na sababu. Kopo la vidonge vya VVU likionekana chumbani huzua maswali, hata kama aliye navyo hana virusi. Kwa mwingine, kumeza dawa kila siku akiwa mzima hakukuingia akilini. Mwingine hakuwa na uhakika kama amepewa dawa halisi au kidonge kitupu. Dawa ilikuwa nzuri kwenye maabara, lakini haikuendana na maisha ya mtumiaji.

Hapo ndipo pete ilipopata nafasi. Taasisi isiyo ya kibiashara ya International Partnership for Microbicides, IPM, ilipewa haki ya kutumia dapivirine mwaka 2004 na kampuni ya Tibotec, bila kulipa mrabaha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walisaidia kuisanifu pete. Mwanamke huiweka na kuitoa mwenyewe. Hahitaji kukumbuka dawa kila siku, wala kuomba ruhusa ya mwenzi kila usiku.

Matokeo ya tafiti mbili kubwa yalitangazwa Februari 2016. Ule wa ASPIRE ulihusisha wanawake 2,629 wa Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, na ulionyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 27. Wa pili, The Ring Study, ulihusisha wanawake 1,959 wa Afrika Kusini na wa Masaka, Uganda, na ulionyesha upungufu wa asilimia 31. Tafiti za baadaye, ambazo kila mshiriki alijua anatumia pete yenye dawa, zilikadiria ulinzi wa takribani nusu.

Takwimu hizo zina doa ambalo watetezi wa pete hawapaswi kulificha. Katika ASPIRE, wasichana wa miaka 18 hadi 21 hawakupata ulinzi ulioweza kuonekana, na vipimo vilionyesha kuwa wengi wao hawakuivaa pete kwa mfululizo. Utafiti wa REACH ukafuata, ukiwashirikisha wasichana 247 wa miaka 16 hadi 21 kutoka Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Walipewa nafasi ya kujaribu pete na vidonge kwa vipindi, wakasaidiwa kwa karibu, kisha wakaachiwa wachague. Asilimia 67 walichagua pete, asilimia 31 vidonge. Kwa hiyo wapo wasichana wanaoitaka, ila wanahitaji mtu wa kuwasikiliza kliniki, na huduma hiyo ndiyo ya kwanza kupotea bajeti inapokatwa.

Hatari wanayokabili haijapungua vya kutosha. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023, kila wiki wasichana na wanawake vijana 4,000 wa miaka 15 hadi 24 waliambukizwa VVU duniani. Kati yao, 3,100 walikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Muhuri mmoja, milango mingi

Julai 2020, Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuiunga mkono pete kwa utaratibu maalumu unaohusu dawa za kutumika nje ya Umoja wa Ulaya. Shirika la Afya Duniani, WHO, likaipitisha Novemba mwaka huo kwenye orodha ya bidhaa zinazoweza kununuliwa na mashirika ya kimataifa, na Januari 2021 likaipendekeza iwe chaguo la ziada kwa wanawake walio katika hatari kubwa. Nchini Marekani safari iliishia njiani: Desemba 2021, IPM iliondoa ombi lake kwa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo.

Afrika, kila nchi ilifungua jalada lake. Zimbabwe ilitangulia mwaka 2021. Kenya, Uganda na Rwanda zimo miongoni mwa nchi za Afrika zilizoiidhinisha tangu hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane, na kibali cha Nairobi hakina nguvu ya kisheria ng'ambo ya Namanga au Mutukula. Mtengenezaji anayetaka kulifikia soko lote huandaa nyaraka, hulipa ada na hujibu maswali ya kila mamlaka kwa zamu. Tanzania Bara na Zanzibar zenyewe zina mamlaka mbili tofauti.

Kwa bidhaa yenye faida kubwa, usumbufu huo huvumilika. Kwa pete inayouzwa kwa bei ya chini, kwa wanawake wasio na fedha, tena kupitia wafadhili, kila jalada jipya ni sababu ya kampuni kusema nchi hiyo isubiri.

Jumuiya ililiona tatizo hili mapema. Machi 2012 ilizindua jijini Arusha mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa, ukawa wa kwanza wa aina yake kati ya kanda za Afrika. Wataalamu wa nchi wanachama hukaa pamoja, husoma nyaraka za dawa moja, hukagua kiwanda kwa pamoja na kutoa pendekezo moja. Lakini pendekezo hilo hubaki pendekezo. Usajili bado hufanywa na kila nchi, kwa muda wake na ada yake.

Uwezo wa kitaalamu upo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu kwa vipimo vya WHO, mwaka 2018. Rwanda ilifika ngazi hiyo mwishoni mwa 2024. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021, una makao yake makuu Kigali. Kinachokosekana ni sheria ya kuifanya kazi ya pamoja iwe na matokeo ya pamoja: dawa iliyopitishwa na jopo la Jumuiya ihesabike imepita katika nchi zote, na nchi yenye pingamizi itoe sababu zake ndani ya muda uliowekwa.

Wapo maofisa wanaohofia kwamba hatua hiyo itapunguza mamlaka ya nchi zao na mapato ya ada. Hofu ya mapato ni ya kweli, kwa kuwa ada hizo huendesha ofisi na maabara, lakini inatatulika kwa kugawana ada ya pamoja. Hofu ya mamlaka inahitaji kupimwa kwa hali ilivyo. Nchi hizo hizo hutegemea sana tathmini za Ulaya na za WHO. Ni vigumu kueleza kwa nini ripoti ya Amsterdam iaminiwe haraka kuliko ya Dodoma au Kigali.

Mwanamke wa njia kuu

Suala hili halihusu wanasheria pekee. Barabara ya Mombasa, Malaba, Kampala hadi Kigali, na ile ya Dar es Salaam kwenda Rusumo, zimejaa wanawake wanaoishi kwa kuvuka mipaka: wachuuzi wa nguo na samaki, wapika chakula wa vituo vya malori, wahudumu wa nyumba za wageni. Kinga inayodumu mwezi mzima inawafaa kuliko kidonge cha kila siku, kwa kuwa safari zao hazina ratiba.

Lakini mfanyabiashara aliyeanza kutumia pete upande mmoja wa mpaka, akachelewa kurudi hadi siku 28 zikapita, huenda asiikute ng'ambo. Ikiwa haijasajiliwa huko, mhudumu wa afya hana ruhusa ya kuitoa. Hata ikiwa imesajiliwa, jalada lake liko kliniki ya nyumbani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu yeye kuvuka na bidhaa zake. Kinga yake haikuandaliwa kuvuka naye.

Vidonge vinawezekana, polima bado

Hatua ya tatu ni utengenezaji. Pete zinazotumika Afrika zimekuwa zikitengenezwa Malmö, Sweden. Novemba 2023, Population Council, shirika lililochukua kazi za IPM, lilitangaza makubaliano na kampuni ya Kiara Health ya Johannesburg ili pete itengenezwe Afrika Kusini. Hakuna kiwanda cha Afrika Mashariki kilichotajwa.

Si kwamba ukanda hauna viwanda vya dawa. Kiwanda cha Quality Chemicals cha Luzira, Kampala, kimekuwa kikitengeneza dawa za VVU na malaria. Mwaka 2023, kampuni ya Universal Corporation ya Kikuyu, Kenya, ilikuwa ya kwanza Afrika kuidhinishwa na WHO kwa kidonge cha mchanganyiko wa dawa tatu kinachotumika kama tiba ya kwanza ya VVU. Mwaka 2025, Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria ulinunua vidonge hivyo na kuvipeleka Msumbiji. Miaka michache kabla, hilo lilionekana ndoto.

Pete na chembe za polima zinahitaji ujuzi mwingine. Silikoni ya dawa lazima iwe safi kwa kiwango ambacho silikoni ya kawaida haifikii. Kalibu, joto na muda wa kugandisha vikibadilika kidogo, kasi ya dawa kutoka hubadilika. Kila fungu lazima lipimwe maabara kuona dawa inatoka kwa kiasi gani siku ya kwanza na siku ya mwisho. Viwanda vya plastiki vya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala vinajua kumimina na kukandamiza polima, na viwanda vya dawa vinajua usafi na vipimo. Kazi mbili hizi bado hazijakutanishwa chini ya paa moja.

Malighafi za polima nazo zinasimulia habari ile ile. Mwani mwekundu umelimwa kibiashara Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi inayofanywa zaidi na wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani. Mwani wa jamii hiyo ndio chanzo cha karajini, inayotumika katika dawa ya meno, vyakula na jeli za tiba duniani kote. Sehemu kubwa huondoka ikiwa imekaushwa tu kwa jua, na thamani huongezwa ng'ambo. Haina maana kwamba kesho Unguja itatengeneza dawa. Lakini sera ya viwanda inayozungumzia chanjo na vidonge bila kutaja polima inaruka somo ambalo malighafi yake imeanikwa ufukweni.

Jumuiya ina mpango wake wa kukuza viwanda vya dawa unaoishia mwaka 2027. Mpango utakaoufuata unapaswa kutaja kwa jina bidhaa zinazoachia dawa polepole, kwa sababu ndiko kinga ya VVU, uzazi wa mpango na tiba za muda mrefu zinakoelekea.

Sindano imekuja, pete ya nini?

Kuna hoja nzito dhidi ya haya yote. Juni 2024, utafiti wa PURPOSE 1 uliofanyika Afrika Kusini na Uganda ulitangaza matokeo ambayo hayakuwahi kuonekana: kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna aliyeambukizwa VVU. Sindano hiyo haina silikoni. Dawa yenyewe hukaa chini ya ngozi kama akiba na kuyeyuka polepole kwa miezi sita. WHO iliipendekeza Julai 2025. Anayeuliza kwa nini fedha ziende kwenye pete inayopunguza hatari kwa theluthi au nusu, anauliza swali la haki.

Jibu la kwanza ni kwamba wanawake hawafanani. Uzazi wa mpango haukufanikiwa kwa njia moja. Kuna anayetaka sindano, kipandikizi, kidonge au kitanzi, na kadiri chaguo zilivyoongezeka ndivyo watumiaji walivyoongezeka. Wapo wanaoogopa sindano, na wapo wanaotaka dawa ambayo haisambai sana mwilini na ambayo wanaweza kuitoa wenyewe siku wanayoamua. Sindano ya miezi sita ikishachomwa, haitolewi.

Jibu la pili linarudi kwenye hatua zile zile tatu. Gilead, kampuni ya Marekani inayomiliki lenacapavir, ilitoa leseni mwaka 2024 kwa kampuni sita kuitengeneza kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi 120. Kampuni hizo ni za India, Pakistan na Misri. Septemba 2025 yalitangazwa makubaliano ya kuiuza kwa dola 40 kwa mtu kwa mwaka kuanzia 2027. Ni habari njema sana. Ni pia bidhaa nyingine iliyothibitishwa kwa miili ya Waganda, ambayo Uganda na majirani zake wataisubiri kutoka nje, kila mmoja kwa usajili wake na zabuni yake.

Anayeacha kujifunza kutokana na pete kwa sababu sindano imekuja, ataingia katika zama za sindano akiwa pale pale.

Nani atalipa

Februari 2025, masharti mapya ya Marekani yaliruhusu fedha za mpango wake wa Ukimwi, PEPFAR, zigharamie dawa za kinga kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kwa mwanamke mwingine yeyote, muuza samaki au mwanafunzi wa chuo, mlango ulifungwa kwa aya moja ya waraka. Serikali nyingi za ukanda huu hazikuwa na fungu mbadala. Ahadi ya Abuja ya mwaka 2001, ya kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, bado haijatimizwa na nchi nyingi zilizoitoa.

Ununuzi wa pamoja ungepunguza maumivu hayo. Mwanamke mmoja huhitaji pete 13 kwa mwaka. Ikitumika pete ya miezi mitatu, yenye miligramu 100 za dapivirine, atahitaji nne tu. Oda ya nchi moja ndogo haimshawishi mtengenezaji kushusha bei wala kujenga kiwanda jirani. Oda ya nchi nane, yenye fedha za bajeti hata kama ni sehemu tu, humpa sababu ya kuja kuzungumza.

Kuna mambo matatu ya kufuatilia kuanzia sasa hadi mwaka 2027. La kwanza ni kama lenacapavir ya bei nafuu itapita kwenye jopo la pamoja la Jumuiya na kusajiliwa katika nchi zote kwa kipindi kimoja, au itarudia safari ya pete. La pili ni kama mpango mpya wa viwanda vya dawa utataja kiwanda, mahali na fedha za bidhaa zinazotumia polima. La tatu ni kama bajeti zitakazosomwa Juni zitakuwa na mstari wa dawa za kinga usiotegemea mfadhili.

Wanawake wa Masaka walikwenda kliniki mwezi baada ya mwezi, wakapimwa damu, wakajibu maswali ya faragha, ili ijulikane kama pete inafanya kazi. Utafiti ule ulipata jibu lake miaka kumi iliyopita. Wanaodaiwa jibu sasa ni mawaziri wa afya, fedha na viwanda, kila wanapokutana Arusha.